Nilifuata fomu nikatoka na filimbi: maoni yangu kuhusu kituo cha haki za wahamiaji Walatino hapa Chicago

Haya maoni nimeyakalia karibu mwaka mzima, kila nikitaka kuandika linatokea jambo jipya nasema ngoja kwanza. Sasa naandika. Ni kuhusu kituo kimoja cha Walatino cha kutetea haki za wahamiaji hapa Chicago, upande wa kusini-magharibi, mitaa ya karibu na 26th Street. Jina silitaji. Kwanza kuna mambo nitawalalamikia humu na sio vizuri kumlalamikia mtu aliyekusaidia huku umemshika kola mbele za watu, pili siku hizi ukiandika jina na namba ya mlango unaweza kuwapelekea wageni ambao hawakualikwa. Ukiishi huku ukauliza uliza utakipata, au utapata kingine cha aina hiyo, vipo kadhaa.

Nilifikaje huko mimi mtoto wa Tanga ambaye Kihispania changu chote kilikua "gracias" na majina ya wachezaji wa Barcelona? Nilifika kwa hasira. Nilikua nimemlipa mtu dola 900 anijazie fomu ya uraia, ile N-400, na huyo mtu ni wa kwetu kabisa tunaongea lugha moja, anajiita wakili, ofisi yake ni sebule yake, tv inawaka na watoto wanapita. Akanijazia, akaniprintia, akaniambia saini hapa na hapa alafu peleka posta na hela ya serikali juu. Bahati nzuri hela ya serikali sikua nayo, ni dola 760 ukituma kwa karatasi na 710 ukijaza mtandaoni, kwahiyo ile bahasha ikakaa juu ya friji mwezi mzima. Kazini kuna jamaa wa Guatemala tunabeba nae boksi zamu ya usiku, nikamsimulia, akatikisa kichwa akasema huyo wako ni notario.

Hili la notario naomba nilieleze maana nilikua silijui kabisa. Kwao huko Amerika ya Kusini na Mexico notario público ni mtu mzito, ni mwanasheria kamili. Hapa Marekani notary ni mtu yeyote aliyepewa kibali kidogo cha kushuhudia watu wakisaini, anaweza kuwa karani wa benki au muuza duka la simu. Sasa matapeli wanaweka kibao kimeandikwa notario dirishani, mtu aliyefika juzi anaona ah huyu ni wakili, anatoa hela, anajaziwa madudu, na madudu hayo yanaenda kwenye faili la serikali na yanakaa humo milele. Kuna watu wamefukuzwa nchi kwa fomu ambayo walikua hata hawastahili kuijaza. Sisi Waswahili wa aina hiyo tunao tele ila hatujawapa jina, tunawaita "kaka anayesaidiaga watu". Wenzetu wamewapa jina, na pale kituoni limebandikwa mlangoni kwa herufi kubwa kabla hujaona kengele: jihadhari na notario.

Basi Jumamosi moja ya Machi 2025 nikapanda treni ya Red Line mpaka katikati ya mji, nikabadili Pink Line, nikashuka nikatembea. Mlango unafunguliwa saa mbili asubuhi, mi nimefika saa moja na dakika ishirini najiona mjanja, nikapewa namba 47. Arobaini na saba! Watu walikua wanapanga foleni toka alfajiri na makoti yao na vichupa vya kahawa. Ukumbi ni wa chini, ile mabomba yanapita juu ya kichwa, viti vya kukunja, na mama mmoja ana ndoo imefunikwa kwa kitambaa anagawa tamales. Kama hujawahi kula, ni unga wa mahindi umefungwa kwenye ganda la muhindi na nyama katikati alafu umepikwa kwa mvuke, yani ni kama ugali uliobeba mboga yake tumboni. Nilikula tatu. Hiyo sehemu ya huduma naipa nyota zote bila mjadala.

Mapokezi sasa. Binti akanisemesha Kihispania, nikatabasamu, akahamia Kiingereza akaniuliza Haiti? Nikasema hapana. Aliyefuata akaniuliza Haiti? Yani pale mtu mweusi ni Mhaiti mpaka athibitishe vingine. Fomu ya kujiandikisha ilikua na Kihispania na Kiingereza tu, kwenye lugha nikaandika Kiswahili pembeni kwa mkono maana hapakua na kisanduku. Nikasubiri masaa matano na nusu. Hakuna aliyekuja kutuambia tumefika namba ngapi, unakaa tu unaangalia mlango kama mtu anayesubiri majibu ya X-ray. Hapo nawapa nyota mbili, na ya pili ni ya huruma.

Lakini nilipoingia ndani. Aliyenihudumia sio wakili, na alinieleza mwenyewe kabla sijakaa sawa: yeye ni mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani, kuna utaratibu rasmi ambapo mtu asiye wakili akifanya kazi kwenye taasisi isiyo ya faida iliyotambuliwa, akasomea, akapitishwa, anaruhusiwa kukuwakilisha mambo ya uhamiaji. Cheti kipo ukutani, akanionyesha na jinsi ya kuhakiki jina lake kwenye orodha ya serikali. Mi nilikua sijawahi kusikia kitu hicho, na yule wa sebuleni wala hajawahi kunionyesha hata kadi ya maktaba.

Akaanza kupitia bahasha yangu ya juu ya friji. Kurasa za mwanzo anaenda haraka, tik, tik. Akafika kwenye safari akanyamaza. Akauliza, kaka, 2022 ulikua wapi? Nikamwambia nilikua Tanga, mama alikua anaumwa, nilikaa miezi saba na siku kadhaa mpaka tukamzika. Akasema pole sana, akaweka kalamu chini, tukakaa kimya kidogo. Alafu akaigeuza karatasi upande wangu akaweka kidole. Hapa imeandikwa hujawahi kutoka nje zaidi ya miezi sita. Nikasema sio mimi niliyeandika ni yule wakili. Akasema, na saini hii ni ya nani?

Nilihisi jasho la mgongoni. Kumbe ukikaa nje ya Marekani zaidi ya miezi sita ndani ya ile miaka mitano ya kuhesabia uraia, serikali inachukulia kwamba umekatisha makazi yako mpaka wewe uwaonyeshe vinginevyo, na unaweza kabisa kuwaonyesha, watu wanafanya hivyo kila siku. Mkataba wa nyumba ulioendelea kulipwa, kodi uliyolipa mwaka huo, barua ya kazini kwamba walikushikia nafasi, watoto waliobaki shuleni hapa. Mi vyote hivyo ninavyo! Ukweli wangu ulikua mzuri kuliko uongo wake, ila yule bwana kwa uvivu wa kuuliza swali moja alikua ananifanya nidanganye serikali kwa saini yangu mwenyewe kwa dola 900. Yule dada akanijazia upya, akaniangalizia na kipato, akakuta nastahili kulipa ada ya punguzo dola 380. Wao wanaomba mchango wa dola 40, na bango linasema kama huna hufukuzwi. Kwa kazi ile ningelipa mara kumi na nisingenung'unika.

Sasa nikanyanyuka nikaaga nikajua tumemaliza. Kumbe ndo wanaanza.

Hapa ndo ninapotaka muelewe vizuri kabla hamjaenda, maana wengi watakasirika kama nilivyokasirika. Hiki sio kituo cha huduma ambacho kina maandamano kidogo pembeni, ni kituo cha kupanga watu na fomu ni mlango tu wa kuingilia. Siku tatu baadae nikapigiwa simu na mhamasishaji wao, mama mmoja wa Kimexico wa miaka 60 hivi, anataka tunywe kahawa. Nikajua kuna karatasi imepungua. Nikaenda. Hakua na karatasi yoyote. Akaniuliza umetoka wapi, umekujaje, nini kinakunyima usingizi, na mtaani kwenu Waswahili mko wangapi na mkipata tatizo mnamfuata nani. Lisaa limoja na nusu! Mi sipendi kuhojiwa, kwetu mtu akikuuliza maswali hayo ujue anataka kukukopa au anakuchunguza. Nikamuuliza mama samahani hii ni ya kazi gani? Akasema hii ndio kazi. Watu hawaji kwenye mkutano kwa sababu ya karatasi ya tangazo, wanakuja kwa sababu kuna mtu aliwahi kukaa akawasikiliza.

Baadae nikaja kujua kwamba huo ni ufundi wa zamani na hapa Chicago ndo kwao. Back of the Yards, jirani tu na pale, ndo Saul Alinsky na mwenzake Joseph Meegan walianzisha baraza la mtaa mwaka 1939 enzi za viwanda vya nyama, na Fred Ross aliyefanya kazi na Alinsky akauendeleza California, vikao vya sebuleni vya watu wachache wachache, na kwenye vikao hivyo ndo wakapatikana kina Dolores Huerta, yule mama mtetezi wa wafanyakazi wa mashambani. Yani huyo mama na kahawa yake alikua anafuata njia iliyokanyagwa miaka themanini. Hainiondolei kero ya kupigiwa simu Jumapili saa tatu usiku, ila nimeelewa.

Akanibembeleza niende mafunzo ya haki zako, ya bure, jioni ya Jumatano. Hii ndo huduma yao bora kuliko zote na hata kama una grini kadi au pasi ya Marekani nenda. Wanakupa kile kikadi chekundu chenye maneno ya haki za kikatiba, kilichobuniwa na Immigrant Legal Resource Center wa California, kina saizi ya kadi ya benki unakaa nacho kwenye pochi. Wanakufundisha tofauti ya waranti mbili, na hapa wengi wetu tungekamatwa kizembe. Kuna waranti ya jaji, imesainiwa na jaji au hakimu wa mahakama, ina anwani yako, hiyo wanaweza kuingia nayo. Kuna karatasi ya ICE wenyewe, wale maafisa wa serikali wanaokamata na kufukuza wahamiaji, fomu I-200 au I-205, imesainiwa na afisa wa uhamiaji na sio mahakama, inafanana na ile nyingine, ina nembo na kila kitu, ila haiwapi ruhusa ya kuingia nyumbani kwako bila wewe kukubali. Kwahiyo hufungui, unawaambia waipitishe chini ya mlango au waibandike dirishani, unaisoma kwanza.

Alafu tukafanya mazoezi ya mlango. Wana mlango kweli, umesimamishwa kwenye fremu ya mbao katikati ya ukumbi, kuna kitasa na kila kitu. Vijana wawili wanaigiza maafisa, wewe uko upande wa pili. Wakina mama wa Kimexico wanafanya vizuri mno, mmoja alisema "karatasi chini ya mlango" kwa sauti ya mwalimu wa zamu mpaka yule afisa wa kuigiza akajishtukia. Ikafika zamu yangu. Ngo ngo ngo. Na mimi, jamani, bila kufikiri, mdomo ukasema "karibu!" na mkono uko kwenye kitasa tayari. Ukumbi mzima ukacheka hata waliokua hawajaelewa neno. Mwalimu akaniuliza umesema nini, nikamwambia kwetu mtu akipiga hodi unajibu karibu kabla hujajua ni nani, tumelelewa hivyo, kumuacha mtu mlangoni ni aibu. Akasema basi wewe rudia mara tano. Nikarudia mara tano. Mpaka leo mlango ukigongwa nasikia lile karibu linapanda kooni na nalimeza. Huu ndo ukweli kuhusu sisi, sheria yote unaweza kuijua na ukaangushwa na malezi mazuri.

Kwenye hayo mafunzo pia niliona aibu yangu nyingine. Mi nilikua mmoja wa wale wanaosema "hawa Walatino si waombe tu kama sisi tulivyoomba". Mimi niliingia kwa bahati nasibu ya grini kadi, nilijaza kwenye kompyuta ya kafe, picha moja, basi. Nikauliza kwa nini wasicheze? Mwalimu hata hakukasirika. Mexico hairuhusiwi kucheza, na El Salvador na Honduras na Colombia nazo hivyo hivyo, kwa sababu ile bahati nasibu inatoa nje nchi yoyote iliyoingiza zaidi ya watu 50,000 kwa njia nyingine ndani ya miaka mitano. Na ukiwa Mmexico ukaombewa na ndugu yako wa tumbo moja mwenye uraia, foleni ni zaidi ya miaka 20. Na kama ulishakaa bila makaratasi zaidi ya mwaka mmoja, ukitoka nje ili ujipange urudi kihalali, sheria ya 1996 inakufungia nje miaka 10. Kwahiyo kuna mtu amekaa miaka 25, kajenga, kasomesha, analipa kodi kwa namba ya ITIN, ile ya mlipa kodi asiye na namba ya kawaida ya Social Security, na hamna mstari wa kupanga, sio kwamba kakataa kupanga. Yule jamaa yangu wa Guatemala nilimwomba radhi kimoyomoyo.

Mikutano yao ya kila mwezi ndo nilikua na ugomvi nayo. Inaendeshwa kwa Kihispania, na sisi tusiojua tunapewa kiredio kidogo na kisikilizio cha sikioni, mkalimani yuko kona anatutafsiria kwa Kiingereza. Mwanzoni niliipenda sana kwa kweli, maana huku siku zote mhamiaji ndo anayevaa kisikilizio na mwenye nchi anaongea anavyotaka, pale wazungu wa kujitolea ndo wamevaa wanahangaika na waya. Ila betri! Mkutano wa kwanza betri yangu ilikufa kwenye dakika ya ishirini, nikaenda kubadilisha wakanipa nyingine imekufa pia, nikakaa saa nzima naangalia watu wanapiga makofi na mimi napiga tu. Mkutano wa pili hivyo hivyo. Jumbe za simu zote Kihispania. Nikamwambia yule mama, mnasema haki za wahamiaji, ila mnaonekana ni haki za Walatino, waseme tu tujue.

Akanipeleka kwenye ukuta wenye picha za zamani. Akaniuliza unajua mgomo wa zabibu wa Delano, California, mwaka 1965, nani aliuanza? Nikajibu Wamexico, si ndo wenye mabango. Akasema hapana, Wafilipino, kiongozi wao Larry Itliong, walitoka mashambani Septemba tarehe 8, na chama cha Wamexico kikajiunga siku nane baadae kwa sababu waliona wasipojiunga watatumika kuvunja mgomo wa wenzao. Na wale Wafilipino leo wengi hawawakumbuki. Akasema kwahiyo unachosema ni kweli na ni kosa la siku nyingi, njoo ulirekebishe. Unaona hao watu? Unaleta malalamiko unapewa kazi.

Mei Mosi nikaenda kwenye maandamano yao. Kwetu Mei Mosi ni gwaride, tisheti, rais anasubiriwa atangaze mshahara. Nilikua sijui kwamba chanzo chake ni hapa Chicago, mgomo wa 1886 wa kudai kazi masaa nane na yale mauaji ya Haymarket, na kati ya viongozi wa wafanyakazi walionyongwa baadae wengi walikua wahamiaji wa Kijerumani. Dunia nzima inapumzika siku hiyo ila Marekani yenyewe sikukuu yao ya wafanyakazi iko Septemba. Waliokuja kuirudisha Mei Mosi barabarani huku ni Walatino, 2006. Yule mama alikuepo. Desemba 2005 baraza la wawakilishi lilipitisha muswada H.R. 4437 ambao ungefanya kukaa bila makaratasi kuwa jinai na hata anayekusaidia angeingia matatani, na tarehe 10 Machi 2006 watu zaidi ya 100,000 wakatoka Union Park wakaenda mpaka katikati ya mji, na Mei Mosi wakatoka wengi zaidi nchi nzima. Muswada ukafia Seneti. Ananisimulia huku tunatembea, ana bango begani, magoti yanamsumbua, na kila mtu anamsalimia.

Ya Springfield nitaisema bila kuipamba. Springfield ndo makao makuu ya jimbo letu la Illinois, kama maili 200, tuliondoka na basi la njano la shule gizani, viti vya watoto, magoti kidevuni. Gavana Pritzker alikua amependekeza kufuta bima ya afya ya jimbo kwa wahamiaji wa miaka 42 mpaka 64, watu zaidi ya 30,000, wengi wao wenye kisukari na presha na wengine wanasafishwa figo. Walitufundisha ndani ya basi: hadithi yako dakika moja, ombi lako sentensi moja, usiombe "msaada", omba kura, uliza ndiyo au hapana, ukipewa "tutaangalia" rudia swali. Tukamsubiri mbunge kwenye korido ya marumaru masaa mawili, akatoka msaidizi wake, kijana wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, na daftari. Baba mmoja wa Honduras akafunua mkono akamwonyesha pale sindano za kusafisha figo zinapoingia, uvimbe kama kamba chini ya ngozi. Akasema ombi lake sentensi moja. Yule kijana akaandika, akasema tutaangalia. Baba akarudia swali. Tutaangalia.

Bima ikafutwa tarehe 1 Julai 2025. Wazee wa 65 na kuendelea wakabaki na yao. Tulirudi na basi lile lile, hakuna aliyeimba. Kwahiyo mkisikia "sí se puede", inawezekana, yale maneno ya Dolores Huerta ya 1972 yaliyoko kwenye kila fulana pale, mjue kuna siku haikuwezekana, na mimi nawapa nyota kwa sababu Jumatano iliyofuata walikaa wakasema wazi tumeshindwa na kwa nini, wakahesabu wabunge gani walikimbia. Vyama vyetu vya Watanzania huku tukishindwa jambo tunafanya pati. Na wao mambo mengine wameyapata kweli, leseni ya kuendesha kwa wasio na makaratasi ilipita Illinois 2013 na toka Julai 2024 ni leseni ya kawaida kama ya mtu yeyote, na sheria ya 2017 inayokataza polisi kumshikilia mtu kwa ombi tu la uhamiaji aliisaini gavana wa Republican, Bruce Rauner.

Alafu ikaja Septemba 2025, ile operesheni ya kukamata wahamiaji ambayo serikali iliiita Midway Blitz. Hapo ndo nilielewa zile kahawa zilikua za nini. Ndani ya siku chache kila mtaa ulikua na mtu wake, namba ya dharura ya jimbo zima inapokea simu, watu wanasimama nje ya shule asubuhi, na filimbi. Za plastiki, zinagawiwa kwenye mifuko. Tulifundishwa fupi fupi za kukatika maana yake ICE wako karibu, ndefu mfululizo maana yake wanakamata mtu sasa hivi. Na pia tulifundishwa usiguse afisa, usizuie gari, rekodi, simama mbali, uliza jina la anayekamatwa na namba ya ndugu yake, maana aliyepelekwa Broadview, kituo cha ICE nje kidogo ya Chicago, bila jina lake kujulikana kumtafuta ni kazi. Nilipuliza mara moja tu, kona ya duka la mikate, ndefu. Madirisha yakafunguka barabara nzima, wakatoka watu na taulo kichwani, na simu zote juu. Yule kijana walimchukua. Ila jina lake tulikua nalo na mke wake alijua ndani ya nusu saa.

Na hapa lalamiko langu kubwa kuliko yote. Mke huyo alikuja kituoni akaambiwa hatuchukui kesi za walioko mahabusu, akapewa karatasi ya namba za simu. Mahakama ya uhamiaji serikali haikupi wakili wa bure, hata ukiwa mtoto, najua, na mawakili wao ni wachache, najua pia. Lakini sema hiyo mapema, andika mlangoni pale pale penye notario, sio mtu analipia nauli na watoto watatu anakuja kujua mbele ya meza.

Jumla nyota nne. Tano ningetoa kama foleni ingekua na mtu wa kuita namba. Ukienda: fika saa kumi na mbili asubuhi, beba nakala za kodi za miaka mitano na pasi zako zote hata zilizoisha muda, usifiche safari yoyote, na ukipigiwa simu ya kahawa usiseme hukuambiwa.

Mi niliapa Novemba. Nimetoka tu kwenye ukumbi wa kiapo na kibendera mkononi, simu inaita, yule mama. Hongera, hongera hermano, yani kaka, kuna familia ya Wakongo imekuja, wanaongea Kiswahili na Kifaransa kidogo, Jumamosi unaweza kukaa kona na maiki? Nikamwambia nakuja. Ila betri nanunua mwenyewe.